Nusu ya Doti

Kipupwe kilikuwa kimekaza, na magharibi ilikuwa inaingia, Ndinda alipotoka mtaani kwao Bondeni na filta ya dizeli aliyoifunga kwenye gazeti. Alikuwa anampelekea mumewe, Mung'aro, huko Mbaraki. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika, na upepo wa kusi ulikuwa unampenya sweta kama hakuvaa kitu.

Mung'aro alikuwa amepiga simu. "Mama Charo, pikapu imegoma tena. Ile filta mpya iko juu ya kabati. Niletee, niko huku maghalani."

Ndinda alishika njia akisonya. Alikuwa ameshinda kutwa akifagia ofisi za bandarini, mgongo wamuuma, kifua kimembana, na bado anatumwa mvuani kwa ajili ya gari. Kwa ajili ya mtu angekwenda bila neno. Kwa ajili ya gari...

Akaiona kwa mbali, imeegeshwa kando ya ukuta wa ghala, boneti wazi. Mung'aro alikuwa ameinama kwenye injini, kichwa hakionekani.

Na kiti cha kushoto kilikuwa na mtu.

Mwanamke. Kichwa kimefunikwa, mabega yamenyooka, ametulia kama aliyezoea kungojwa. Hakuwa akimtazama Mung'aro. Alikuwa akijitazama kwenye kioo cha ubavuni, taratibu, akigeuza shingo huku na huku.

Ndinda akaongeza mwendo. Lori likapita katikati yao, likamrushia tope hadi magotini. Lilipokwisha kupita, kiti kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?"

Mung'aro akainua kichwa, masizi puani. "Nani?"

"Huyo uliyemkalisha hapo."

"Niko peke yangu tangu alasiri, Mama Charo. Lete hiyo filta, vidole vimekufa ganzi."

Ndinda hakuleta filta. Akazunguka, akafungua mlango wa kushoto. Vioo vingine vyote vilikuwa vikavu kwa ndani. Kioo cha upande ule tu ndicho kilichokuwa na ukungu, ukungu wa pumzi, kama mtu aliyekuwa akiongea karibu nacho. Akaweka kiganja juu ya kiti.

Kilikuwa na joto.

Halafu harufu. Asumini mbichi, ile ambayo wanawake wa Mji wa Kale huifunga vikuba, vishada vidogo, wakavitia kifuani, na chini ya asumini, udi. Gari la kubebea simiti na vyuma, nalo lanukia kuliko duka la marashi.

Hapo mtu mwingine angesoma dua akaenda zake. Ndinda hakuogopa. Alikasirika. Alijua tu kwamba mwanamke ameshuka upande wa pili, kajificha nyuma ya ghala, na sasa anamcheka.

Mung'aro akabadilisha filta, akapampu kwa mkono mpaka hewa ikatoka na dizeli ikaja safi. Ndinda akapanda, akakaa palepale kwenye kile kiti, akajaza makalio yake yote kwa makusudi. Mung'aro akawasha hita ya kupasha injini, akangoja ile taa ndogo izime, akageuza ufunguo.

Kru... kru... kru...

Kimya.

"Shuka kidogo, Mama Charo."

"Nishuke? Kwani mimi ndiye filta?"

"Shuka tu nijaribu. Labda uzito."

"Uzito! Gari la kubeba saruji limeshindwa na mimi?"

Lakini akashuka. Mung'aro akagusa ufunguo, na injini ikaitika mara moja, laini, kama paka aliyekunwa shingo. Kila Ndinda alipotia mguu ndani, ikakohoa ikataka kufa. Alipoutoa, ikatulia.

Akarudi Bondeni amekaa nyuma, mvuani, chini ya turubai, pamoja na jeki na tairi la akiba. Mbele, kupitia kioo kidogo cha nyuma, alimwona mumewe akiendesha. Alikuwa akiongea. Midomo ilikwenda, ikanyamaza kumsikiliza mtu, ikacheka, ikaendelea.

Pikapu ile Mung'aro aliinunua kwa mjane mmoja wa Mji wa Kale, upande wa Kuze, wakati wa joto la kaskazi. Ilikuwa kuukuu, ya dizeli, rangi imeliwa na chumvi, lakini injini ilikuwa nzima na wakati wa jua haikuwa na neno. Kipupwe kilipoingia ndipo ilipojua kudeka. Asubuhi haiwaki. Basi Mung'aro akaanza kuilea. Jioni huchomoa betri akaileta ndani, akailaza juu ya stuli kando ya kitanda. Huyamwaga yale maji yaliyojikusanya chini ya filta. Boneti huifunika gunia, na gunia lilipoonekana halitoshi, akaja akachukua blanketi.

Blanketi la kitandani.

Alfajiri humwamsha Ndinda amchemshie maji ya kutia kwenye rejeta, isipate baridi ghafla. Ndinda mwenyewe alikuwa akioga maji ya bomba, meno yakigongana, huku akisikia sauti ya mumewe nje: "Haya bibi, amka. Amka, mpenzi. Usinitie aibu leo."

Ndoa yao ilikuwa na umri wa kutosha mtoto kuwa bwenini huko Kaloleni, na Ndinda hakukumbuka siku aliyoambiwa amka, mpenzi.

Asubuhi ya pili akamwendea Kadzo. Huyu ni jirani yake, Mgiriama, mshona pindo za leso, ulimi wake una makali kuliko mkasi wake.

"Shoga, mume wangu ana mwanamke. Anampandisha garini."

Kadzo hakusimamisha cherehani. "Nyinyi Wakamba si ndio mabingwa wa mambo hayo? Mfunge kwa dawa, akwame."

"Mimi mtu wa kanisa."

"Na kanisani wivu hawauingizi?"

"Kadzo, nakwambia habari ya maana."

"Nami nakujibu ya maana. Hapa mjini hatupigani ngumi, shoga. Twavaa. Nenda kanunue leso yenye neno lako, uifunge, umpitie mbele huyo mwanamke mpaka asome. Akisoma ashike njia yake."

Ndinda akaenda. Akachagua katika leso zote za dukani mpaka muuzaji akachoka naye. Akapata nyekundu, yenye mji mweusi katikati, imeandikwa: MUME NINAYE MIMI WEWE UNA NINI.

Kwao Kibwezi leso ilikuwa nguo ya kubebea mtoto na kufungia kuni. Kusoma maneno yake amejifunza Mombasa. Mengine ya leso hakufunzwa, na hakuuliza. Akaona, kuivaa tu akapita mbele ya mtu asiyemjua anakokaa, ni kazi ya bure. Huyu mwanamke kiti chake ni kimoja. Basi akaichukua ile doti, leso mbili zilizoungana, akaikata katikati kwa mkono wake, akashona pindo zote mbili nyumbani bila kumwambia Kadzo. Kipande kimoja akajifunga kiunoni. Cha pili akakitandika juu ya kiti cha kushoto, akakikaza pembe zote, maandishi juu.

"Kalia," akasema. "Kalia usome."

Alfajiri iliyofuata pikapu iliwaka kwa mguso wa kwanza. Bila maji ya moto. Baridi ilikuwa kali kuliko siku zote.

Mung'aro akaingia akicheka. "Umeifanya nini?"

"Mimi?" Ndinda akasema, naye kidogo akajisikia mshindi.

Jioni Mung'aro akarudi na viatu vya kike. Jozi mbili, namba moja, rangi moja.

"Nimenunua jozi mbili," akasema, akivitazama mwenyewe kama havijui.

Jozi moja akampa Ndinda. Nyingine akatoka nayo nje. Siku nyingine ikawa sabuni mbili za kunukia. Ikawa mahamri mafungu mawili, sawasawa, na moja lilipozidi akalikata katikati kwa kisu, akapima kwa macho. Kila kitu nusu kikaingia ndani na nusu kikaenda garini. Ndinda akichungulia garini hakukuta mahamri wala sabuni. Alikuta leso yake tu. Nayo haikuwa imetandikwa tena. Ilikuwa imekunjwa, na mikunjo yake ilikuwa ya nguo iliyoshinda kutwa imefungwa kiunoni. Akainusa.

Ilinuka jasho. Jasho si lake.

Usiku ulipoingia, chakula kimekwisha, Mung'aro akachukua mto wake akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kulala."

"Kitanda kiko huku, Baba Charo."

"Leo si zamu yako."

Alilisema kama anayesema nyanya zimeisha sokoni. Halafu akasimama, akapepesa macho. "Nimesema nini?"

"Umesema..."

Lakini alikwisha kutoka. Mlango wa pikapu ukafunguka, ukafungwa. Kidogo, ukafungwa na ule wa pili.

Kulipokucha Ndinda alikuwa kwa Kadzo, na safari hii cherehani ilisimama.

"Umefanya nini?" Kadzo alinong'ona. "Umempa nusu ya doti?"

"Sikumpa mtu. Nimetandika kitini."

"Na kitini hukaa nani?"

Ndinda akashika pindo la leso kiunoni mwake.

"Ole wako, Ndinda! Mimi nilikwambia uvae, sikukwambia ukate! Huku kwetu mke mkubwa akimkubali mke mwenziwe, humkatia nusu ya doti yake. Kwa mkono wake mwenyewe, hivyo hivyo ulivyofanya. Yule akishaivaa, imekwisha. Nguo sawa, chakula sawa, zamu sawa. Hata mume hana la kusema. Wewe ndiye uliyemuozesha!"

"Nimuozeshe mwanamke nisiyemjua?"

"Angekuwa mwanamke ni akheri," Kadzo akasema. "Nenda kwa huyo mjane aliyewauzia. Uende leo."

Ndinda alifika Kuze jua linazama. Mjane aliitwa Bi Nyevu, mtu wa Rabai aliyeolewa Mji wa Kale angali kijana. Alikuwa barazani akichambua mchele. Alipomwona mgeni hakuonyesha kushangaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kurudisha gari, sipokei."

"Sijaja kurudisha."

"Basi keti. Mumeo mzima?"

"Mzima. Nusu ya siku."

Bi Nyevu akacheka kidogo, cheko kavu. "Umemkaribisha kwa kitu gani?"

"Leso. Nusu ya doti. Sikujua..."

"Mimi nilimwekea sahani ya wali pale kitini. Kwa kebehi. Nilitaka mume wangu aone nimejua mambo yake. Ikaliwa, na sahani ikarudishwa imeoshwa." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Kila mmoja hujiletea kwa mkono wake. Asipokaribishwa hubaki palepale kitini, hana nguvu zaidi ya harufu."

"Ni nani, bibi?"

"Sijui. Mume wangu naye alimkuta. Wengine walisema ni mke wa mwenye gari wa kwanza, mumewe alimshusha njiani Mbaraki wakati wa mvua akaenda kuoa mwengine, na yule mke hakuonekana tena. Wengine walisema si binadamu na hajapata kuwa. Nimekaa naye miaka, sikumuuliza. Ungemuuliza wewe?"

"Na mumeo... alikufaje?"

Vidole vya Bi Nyevu vikatulia juu ya ungo.

"Nilichoka kugawana. Niliondoa sahani. Basi akachukua chake, akaniachia changu. Hakudhulumu hata kidogo." Sauti yake ikashuka. "Chake ni nusu, mwanangu. Na nusu ya mtu haitembei."

Upepo ukapita uchochoroni. Ndinda akavuta sweta.

"Nisikilize. Kaa na zamu zako. Usiku wake ukifika, funga mlango, jifunike, usisikilize. Mume wa zamu ni mume. Wanawake wangapi hapa mjini wanaishi hivyo, na wanaojua kuvumilia wananenepa? Lakini ukiona wivu umekupanda, shika mikono yako. Ishike hivi. Usimguse chake."

"Nimeelewa, bibi."

"Hata mimi nilielewa," alisema Bi Nyevu, akarudia mchele wake.

Ndinda alijaribu. Haki ya Mungu alijaribu. Zamu yake ilipofika Mung'aro alilala ndani, akampa mgongo, akakoroma. Akiulizwa neno alijibu kama mtu aliyechoka na kazi. Zamu ya yule mwingine ilipofika alikuwa akinyoa ndevu. Akijipaka mafuta. Akivaa shati lililopigwa pasi, na pasi alikuwa ameipiga mwenyewe.

Ndinda akakonda. Kazini alifagia mahali pamoja mara nyingi. Alijua sasa kwamba akimpoteza mumewe atampoteza kwa mkono wake mwenyewe, na kujua huko hakukumpoza hata tone. Kilichomla si hofu. Kilichomla ni kwamba yule mwingine, hata uso hana, anapewa kilicho kizuri, naye mke wa pete anapewa mabaki na kukoroma.

Alfajiri ile, manyunyu yanaanguka, alichemsha chai akamimina kikombe kimoja. Alitaka tu kumpelekea mumewe. Ndivyo alivyojiambia.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba. Injini imezimwa. Blanketi liko juu ya boneti. Vioo vyote vilikuwa vikavu, ila kile cha kushoto.

Akasikia kicheko.

Cha Mung'aro. Lakini si kile anachocheka siku hizi, cha puani. Kilikuwa kile cha zamani, cha siku Ndinda aliposhuka basi Mwembe Tayari na sanduku lake, msichana kutoka Kibwezi, na kijana wa Kigiriama akambebea mpaka kwa shangazi yake huku akimchekesha njia nzima. Alidhani kicheko kile kimekufa kwa uzee. Kumbe kipo. Kimetolewa tu, kikapelekwa kwingine.

Akashika kikombe kwa mikono miwili. Akaishika mikono, kama alivyoambiwa. Akageuka arudi ndani.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasema kutoka garini, chini chini, tamu, bila haraka:

"Mwambie alete na changu."

Kikombe kikaanguka.

Ndinda hakumbuki alivyofika mlangoni. Aliuvuta ukafunguka, joto likamvaa usoni pamoja na asumini, na hakukuwa na mtu kitini. Palikuwa na leso tu, imesimama wima hewani, imezunguka kitu, imefungwa fundo ubavuni.

"Changu hiki!" akapiga kelele. "Changu! Kila kitu changu!"

Akashika fundo, akavuta.

Leso haikuja. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa laini na chenye joto, na kilijikaza, na alisikia tumbo likipanda na kushuka chini ya vidole vyake. Akavuta tena, kwa uzito wake wote. Nguo ikachanika kwa mlio mrefu. Mtu mmoja ndani ya gari akashusha pumzi... haaa... kama aliyetua mzigo.

Stata ikazunguka yenyewe, mara moja. Kru. Ikanyamaza.

Leso ilikuwa mkononi mwa Ndinda, baridi, imelowa, nguo tu.

"Baba Charo?"

Mung'aro akamgeuzia kichwa. Nusu ya uso ikamwangalia kwa mshangao. Nusu nyingine ilikuwa imeteremka.

Hospitali walisema ni presha, na baridi ya alfajiri huiamsha. Upande wa kushoto umepooza, jicho, mdomo, mkono, mguu. Walimfunza Ndinda kumgeuza, kumkanda, kumlisha uji kwa kijiko. Wakamwambia asishangae upande ule ukikonda ukawa wa baridi, ndivyo unavyokuwa.

Pikapu haikuwaka tena. Mafundi walikuja, wakaifungua, wakaifunga, wakasema injini ni nzima na hawajui inataka nini. Ndani yake hakunuki kitu ila dizeli na kutu. Kadzo alipita siku moja akachungulia, akasema kwa sauti ndogo, "Hayumo humu tena." Hakuingia nyumbani. Tangu siku hiyo pindo zake anashonea upande wa pili wa mtaa.

Ndinda ameacha kazi ya bandarini. Kutwa yuko kando ya kitanda. Upande wa kulia wa Mung'aro ndio unaomeza, unaougua, unaolia machozi. Ndio anaoulisha, anaoufuta, anaoukanda mafuta ya nazi mpaka vidole vikamuuma. Na ndio unaokonda. Mbavu zimetoka, mkono umekuwa kama mwiko.

Ule wa kushoto, ambao haulishwi na mtu, unanenepa.

Ngozi yake inang'aa. Kucha zimekatwa, na si Ndinda aliyezikata. Asubuhi za kipupwe, upande wake Ndinda, wa kulia, ukiwa barafu, ule mwingine huwa na joto la mtu aliyetoka kuamka kwenye mikono ya mtu.

Ameanza kulala katikati, juu ya mumewe kabisa, asibakize nafasi. Mlango ameutia komeo kwa ndani, dirisha amelipigilia misumari. Juzi alikesha macho wazi mpaka adhana ya kwanza, halafu, kwa kitambo cha kupepesa tu, usingizi ukamchukua.

Alipoamka alikuwa sakafuni, amefunikwa vizuri.

Mkono wa kushoto wa Mung'aro ulikuwa juu ya shuka, kiganja juu. Ulikuwa na hinna. Mbichi bado, nyekundu, imetiwa kwa mkono mtulivu usio na haraka, duara katikati ya kiganja na ncha za vidole vyote, kama anavyotiwa bwana harusi.

Ndinda akaleta ndimu. Akaleta sabuni na jiwe la kusugulia miguu. Alisugua hadi ngozi ikawaka, na hinna ikazidi kukolea. Jicho la kulia la mumewe lilimwangalia, limejaa maji. Pembe ya kushoto ya mdomo, ile iliyokufa, ilikuwa imejikunja juu kidogo.

Akatupa jiwe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono inachuruzika povu, akatazama komeo ambalo halikuguswa. Harusi nzima ilikuwa imefanyika chumbani mwake, yeye akiwa sakafuni kando ya kitanda chake mwenyewe, wala hawakuona haja ya kumwalika.